Ushanga wa Nane

Mpatamatu, Luanshya
3 Machi 1996

Shangazi yangu BanaChola,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa kwenye karatasi huoni. Musonda mzima, ila kikohozi chake cha mgodini hakijaisha. Dagaa uliotutumia walifika, tukawamaliza wiki ileile bila aibu.

Shangazi, nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu uso kwa uso, na wewe ndiye kungwi wangu. Siku zile uliponifungia ndani kabla ya harusi ulinipa nyuzi mbili za shanga. Ukaniambia, "Mwekundu ukiwa mwezini, unautundika msumarini juu ya kitanda. Ukimaliza, unatundika mweupe. Mume ataona, hatauliza, na wewe hutasema. Kinywa cha mke hakitaji damu mbele ya mume." Yote nimeyashika. Lakini kuna kitu kimoja hukunifundisha, nami niliogopa kuuliza. Ni siku ngapi?

Maana mwezi uliopita ule mwekundu ulikaa msumarini siku kumi na saba. Mwezi wa kabla yake, kumi na tano.

Na habari ya chumvi ndiyo imenimaliza kabisa. Ulisema mke aliye mwezini asitie chumvi kwenye mboga, mume asije akapata kifua. Basi kila jioni namwita jirani yangu BanaKangwa anitilie. Mwanzoni alikuwa anacheka pembeni. Siku hizi anaingia na kijiko chake kabla sijamwita, anasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Bado tu, BanaNani?" Ndilo jina alilonipa, kwa kuwa sina mtoto wa kuitiwa. Mtaa mzima unajua siku zangu kuliko mimi.

Nina maswali manne, nijibu bila kunigombeza. Siku ngapi ni za kawaida? Yale madonge mazito yanayotoka, makubwa kama ini la kuku, ni kitu gani? Kwa nini hata siku ambazo mweupe umetundikwa, mume akinikaribia naumia mpaka nauma shuka? Na la mwisho, je, ni kosa nililolifanya? Mama mkwe anasema mwanamke hawi hivi bure.

Musonda hasemi kitu. Anaingia, anautazama msumari, anageukia ukutani. Jumapili nilimsikia anauuliza ule msumari, si mimi, "Wewe, huchoki?" Nikajifanya nimelala.

Mimi mwanao,
Bupe


Mungwi
19 Machi 1996

Wewe Bupe,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaitia motoni. Mambo haya hayaandikwi! Ingefunguliwa posta ningeweka wapi uso wangu, mimi ambaye nusu ya wake wa Mungwi wamepita mikononi mwangu?

Unauliza siku ngapi. Mwanamke hahesabu, anastahimili. Damu nyingi ni dalili ya mwili wenye afya, wenye damu kidogo ndio wa kuhurumiwa. Madonge ni uchafu unatoka, ushukuru. Kuumia ni ugeni wa ndoa. Kosa sijui, jichunguze mwenyewe, lakini mama mkwe wako nimemjua tangu siku ya mahari na sijapata kusikia neno tamu likitoka kwake.

Nimempa dereva wa basi mizizi, nimeifunga kwenye gazeti. Chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Ni michungu, usilie.

Sasa sikiliza vizuri la shanga. Siku ya sita, damu iwe imekoma au haijakoma, toa mwekundu, tundika mweupe. Mwanamume akiona mwekundu mwezi mzima anaenda kutafuta msumari mwingine. Tandika shuka jeusi. Meza mate, nyamaza. Hata mimi nilipitia hayo, na nipo.

Huyo BanaKangwa mwambie akamtilie chumvi mama yake.

Shangazi yako,
BanaChola


Mpatamatu, Luanshya
12 Mei 1996

Kwa heshima, mama mkwe BanaChola,

Najua mkwe haandiki kwa mkwe. Sijawahi hata kula chakula mbele yako, na leo nakuletea maneno ya chumbani. Nisamehe. Baba yake Bupe angekuwa hai ningemwendea yeye. Wewe dada yake ndiye uliyebaki, na wewe ndiye uliyempa zile shanga.

Miezi mingi niliona uzi mwekundu nikanyamaza, kama wajomba zangu walivyonifundisha. Mwezi wa nne nikarudi kutoka zamu nikakuta mweupe. Nilifurahi mpaka nikaoga mara mbili. Lakini mambo niliyoyakuta hayakuwa ya mweupe. Kulikuwa na damu, mama mkwe, nyingi. Mke wangu alikuwa anauma mkono wake ili asilie. Nilimuuliza, akafunika uso na kitenge. Mpaka leo hajasema.

Uzi ulisema uongo. Mtu akidanganya kwa shanga, atashindwa kudanganya kwa kitu gani?

Mama yangu amekuja kutoka Mufulira. Anasema kikohozi changu kimetokana na ule mweupe wa uongo, kwamba mke anataka kuniua, au ametoa mimba isiyo yangu. Wazee watakaa tarehe thelathini mwezi wa sita ili mrudishiwe binti yenu. Mimi sitaki arudishwe. Ila kila nikitaka kumtetea nakosa la kusema, kwa kuwa sijui lolote.

Nimehamia kwa Kapotwe, mwenzangu wa zamu. Nyuzi zote mbili nimeondoka nazo, zipo mfukoni mwangu hata ninapoandika.

Naomba jibu la neno moja tu. Je, hanitaki?

Mkwe wako,
Musonda


Kliniki, Mpatamatu
2 Juni 1996

Shangazi,

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Jumatano nilianguka kwenye foleni ya bomba. Unajua nani alinibeba? BanaKangwa. Alinifunga mgongoni kwa kitenge chake kama mtoto, akakimbia nami mpaka kliniki huku analia, "BanaNani, usinifie, nilikuwa natania!" Tangu siku hiyo ananiita Bupe.

Nesi wa hapa anaitwa Mwila. Alinifunua jicho, akanitoboa kidole, akasoma mashine yake mara mbili. Akasema, "Mwanamke mzima tunataka kipimo cha damu yake kiwe kumi na mbili. Wewe una tano. Umetembeaje mpaka bombani?" Kisha akaniuliza damu yangu hutoka siku ngapi. Nikafunika uso. Akavuta kiti akakaa, akaniambia taratibu, "Dada, hata mimi nina msumari nyumbani kwangu. Sema."

Basi nikasema, Shangazi. Maswali yote manne niliyokuandikia wewe nilimuuliza yeye, na hakuna hata moja alilolichoma.

Siku za kawaida ni mbili mpaka saba. Zikipita saba, au ukilowesha kitambaa kila saa, au madonge yakiwa makubwa kuliko sarafu, huo ni ugonjwa na una dawa. Kuumia ukiwa na mume si ugeni. Nina miaka miwili kwenye ndoa, Shangazi, ugeni gani huo? Na kosa halipo. Si mimi, si Musonda, si mtu yeyote. Kuna uvimbe unaoota kwenye nyama ya mji wa mimba, wanawake wengi wanao, wengine hata hawajui.

Wamenipiga picha ya tumbo. Wangu uko mahali patatu, mkubwa ni kama ngumi ya Musonda. Daktari amesema uvimbe wa namna hii si saratani. Mizizi yako aliinusa akauliza ni ya nini, nikasema ya chai. Akasema hakuna mzizi unaoyeyusha kitu hicho.

Hospitali kuu ya Ndola wanaweza kuutoa wote na kizazi kikabaki. Tarehe waliyonipa ni 25 mwezi huu. Lakini nikiendelea kumwaga damu namna hii, Mwila hakunificha, sitamaliza mwaka. Wanataka vitu viwili. Ndugu watoe chupa nne za damu. Na mume aweke sahihi.

Musonda hajui lolote. Juzi alikuja akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. Akauliza, "Ni malaria?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ndivyo nilivyofundishwa, kinywa changu kisitaje damu mbele yake, na nilipojaribu ulimi ulikuwa mzito kweli. Akaweka machungwa mawili kwenye dirisha akaondoka.

Shanga zikishindwa, anayeruhusiwa kusema kwa mume ni kungwi peke yake. Hiyo pia ulinifundisha. Basi sema, Shangazi. Mwandikie. Ukinyamaza nitakufa na adabu zangu zote.

Na kitu kimoja zaidi. Uliandika kwamba hata wewe ulipitia hayo. Ulipitia nini?

Bupe


Mungwi
9 Juni 1996

Mkwe wangu Musonda,

Barua hii naiweka mkononi mwa dereva wa basi, nimemwapisha akupe wewe mwenyewe. Nitasema wazi. Ukiona aibu, fumba jicho moja, lakini lile jingine lisome mpaka mwisho.

Mweupe wa uongo ulitundikwa na mimi. Bupe aliniandikia mwezi wa tatu kwamba anavuja damu siku kumi na saba, akaniomba msaada. Mimi nikamjibu atoe mwekundu siku ya sita na anyamaze. Mkono ulikuwa wake, uongo ulikuwa wangu. Wazee wako wakitaka mtu wa kumrudisha, waje wanirudishe mimi.

Hakutoa mimba. Hakuna mwanamume mwingine. Tumboni mwake kuna uvimbe mahali patatu kwenye mji wa mimba, na huo ndio unaomnywa damu na kumwumiza unapomkaribia. Ulimuuliza kama ni malaria akakubali, kwa sababu nilimfundisha kwamba mke mwema hataji damu. Sasa amelazwa, damu imebaki chini ya nusu.

Ameniuliza mimi nilipitia nini. Sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe ambaye sheria inasema nisikuangalie hata usoni. Baada ya kumzaa Chola nilivuja hivyohivyo miaka kumi na mmoja. Nilitundika mweupe nikiwa nalowa. Mume wangu BashiChola alipokuja nilijikaza kama gogo. Alidhani nimemchoka, akahamia kwa mwanamke wa Chambeshi, akafa hukohuko. Sikumwambia. Watu wakasema BanaChola karidhika na mtoto mmoja, nami nikacheka nao. Uzee ulipokuja damu ikakoma yenyewe, nikasema kumbe nimeshinda. Tangu hapo nimewafundisha mabinti wa watu kushinda namna hiyo. Naona aibu, Musonda. Nimeandika hapa nikiwa nalia, usidhani ni mvua iliyolowesha karatasi.

Uliuliza kama hakutaki. Anakutaka kiasi kwamba alikuwa tayari kufa kuliko kukusumbua. Mwanamke akutake namna gani tena?

Nenda leo. Weka sahihi. Zinatakiwa chupa nne za damu, toa yako na utafute wenzako. Na kikohozi chako ni vumbi la mgodi, hakijatoka kwenye chumvi wala kwenye shanga. Kapimwe. Mama yako akiuliza nani kasema, mwambie ni mimi, na kwamba nakuja.

Mama mkwe wako,
BanaChola


Ndola
1 Julai 1996

Mama mkwe,

Barua yako niliisoma nikiwa chini mgodini, kwa taa ya kofia. Dereva aliniletea mlangoni pa kushukia na sikuweza kungoja. Na huku juu nisingepata mahali pa kulia.

Sahihi niliweka siku hiyohiyo, bado nina vumbi. Karani akaniambia nimechafua fomu.

Sasa damu. Yangu nilitoa, zikabaki chupa tatu. Nikawaendea wenzangu wa zamu chumba cha kubadilishia nguo. Kapotwe akauliza, "Nani kaumia?" Wote walidhani mwamba umemwangukia mtu. Nikafungua kinywa nikasema, "Mke wangu. Anavuja damu ya kizazi miezi na miezi, nami nilikuwa namgeuzia mgongo." Wanaume kumi na wawili wanatazama viatu vyao. Halafu Kapotwe akavua kofia. Akasema, "Wangu naye hutundika wiki tatu. Nilidhani ananichukia." Mwingine akasema, "Na wangu." Mzee Chipasha, ambaye hajawahi kutaja mke wake miaka ishirini, akakunja mkono wa shati akauliza, "Wanachoma wapi, huku au huku?"

Walikuja saba. Hospitali ilitaka chupa nne, ikapata nane. Mwenye kuandika akauliza ninyi wote ni ndugu wa mgonjwa? Kapotwe akajibu, "Sote ni kaka zake."

Tarehe 25 walimwingiza saa tatu asubuhi. Walitoka saa sita. Daktari akasema uvimbe umetoka wote, mahali pote patatu, kizazi kipo palepale, kizima. Nilimshika mkono nikasahau kuuachia. Bupe alipofumbua macho nilimwambia, "Najua. Kungwi wako amesema yote." Akaniuliza, "Yote?" Nikasema yote. Akacheka, kisha akashika tumbo kwa mshono, akaniambia nisimchekeshe.

Tarehe 30 wazee walikaa bila mimi. Niliwatumia ujumbe kwamba nami nimekaa, kando ya kitanda cha mke wangu, anayenitaka anajua pa kunikuta. Mama alikuja na maneno yake yote tayari mdomoni. Nesi mmoja mtu mzima akamchukua wakafunga mlango, wakakaa saa nzima. Sijui mama alimuuliza nini. Alipotoka alinunua machungwa kumi akaanza kumenya moja moja akimlisha Bupe.

Kifua changu wamekipiga picha. Ni vumbi, kama ulivyosema. Wamenipa dawa na kazi ya juu, nje ya shimo, kwa miezi sita.

Nyuzi bado zipo mfukoni. Nimemuuliza Bupe nizitundike kwenye kitanda cha hospitali, amesema nina kichaa.

Mkwe wako anayekuheshimu,
Musonda


Mpatamatu, Luanshya
20 Septemba 1996

Shangazi yangu,

Leo nimekaa mezani kabisa, mistari imenyooka, angalia.

Mwezi huu nilitundika mwekundu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nahesabu kwa vidole. Ya nne, kidogo. Ya tano, tone. Ya sita hakuna kitu! Nikautoa, nikatundika mweupe, na ulikuwa wa kweli. Musonda alirudi kazini, akaingia chumbani, nikasikia anauambia msumari, "Karibu tena." Safari hii sikujifanya nimelala. Hayo mengine kungwi wangu hahitaji kuandikiwa, ila nikujulishe kwamba sikuumia.

Damu yangu imefika kumi na moja na nusu. Ninameza vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Daktari ametaka tungoje mpaka mwakani ndipo tujaribu mtoto, mshono ushike vizuri. Ameniambia pia uvimbe unaweza kuota tena, kwa hiyo kila mwaka nitapigwa picha. Nimelipokea. Jambo ukilijua, unalala.

Chumvi anatia Musonda. Anatia nyingi mno.

Sasa nikuchekeshe. Wanawake wa mtaa huu wanakuja kwangu na vikombe wakijifanya wanaomba chumvi. Wanakaa. Wanaangalia dari. Kisha mmoja anaanza, "Bupe, nina rafiki yangu ambaye..." Rafiki wa huyu anaumia akienda haja ndogo, rafiki wa yule anatoka uchafu wenye harufu, rafiki wa mwingine hajaona siku zake miezi mitatu na si mja mzito. Ninayoyajua nasema, mengine nampelekea nesi Mwila. BanaKangwa ndiye mpiga kengele, anasimama mlangoni anauliza, "Mmekuja kwa chumvi ya kupikia au ya kuuliza?" Juzi nesi Mwila amehesabu, tangu nitoke hospitali nimempelekea wanawake thelathini na mmoja. Wawili walikuwa na damu chini ya yangu.

Najua mwezi ujao una unyago huko Mungwi. Sikuulizi utawafundisha nini. Wewe ndiye kungwi.

Mwanao,
Bupe


Mungwi
14 Oktoba 1996

Bupe mwanangu,

Barua zako siku hizi sichomi. Nimezifunga kwa utepe, nimeziweka pamoja na cheti changu cha ubatizo.

Unyago umekwisha. Nimetoa wali tisa. Ngoma ilipigwa, vinyago vya udongo vilifinyangwa, pombe ilitosha. Ila safari hii nilikwenda na kitu ambacho hakijapata kuonekana. Nilikwenda Kasama dukani nikanunua shanga za bluu, nikakaa siku nne natunga. Kila mwali uzi mmoja mpya: nyekundu saba, halafu ya nane ya bluu. Kila siku ya damu anasogeza ushanga mmoja. Akifika kwenye ule wa bluu na damu bado ipo, hatundiki tena mwekundu wala hadanganyi na mweupe. Anatundika bluu. Na wachumba wao tuliwaita na wajomba zao, tukawaambia, ukikuta bluu msumarini usigeuke ukutani. Kesho yake asubuhi ni kliniki, wewe na yeye.

Unadhani ilipita kirahisi? Palikuwa na BanaMukuka. Wewe humjui vizuri. Ni yeye aliyenitoa mimi mwali mwaka wa hamsini na mbili, kungwi wa makungwi wote wa hapa, ana fimbo na hasimamishwi na mtu. Aliinuka katikati ya wanawake akanionyesha fimbo.

"Nkandu!" Aliniita jina langu la usichana, mbele ya wali. "Tangu lini shanga zikawa na bluu? Hiyo mimi nilikufundisha?"

Nikamwambia, "Hapana mama, hukunifundisha. Nami sikumfundisha Bupe. Na Bupe tulikuwa karibu tumzike."

"Mama zetu walivuja wakanyamaza!"

"Ndiyo. Nami nilivuja nikanyamaza, miaka kumi na mmoja, nikampoteza mume aliyekuwa ananipenda. Nani hapa anataka binti yake anyamaze kama mimi? Asimame nimwone."

Nilisema yote, mbele ya wote, hata la kujikaza kama gogo. Hakusimama mtu. Kisha kutoka nyuma kabisa mama mmoja, BanaLombe, akaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja!" Wengine wakadakia, "Mbili!" Ngoma ikaingia. Walipofika saba wali walikuwa wanarukaruka, na walipotaja nane, vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wa padri wakakata kamba. Wimbo huo sasa unaimbwa hata kisimani. Watoto wa shule wanauimba wakidhani ni wa kujifunzia hesabu, na tumewaacha.

BanaMukuka aliondoka kabla ya nane. Niliumia, sitakuficha. Huyo ni mama yangu.

Jana asubuhi nikiwa napepeta mtama nikasikia fimbo uani. Nikaweka ungo chini, nikapiga magoti. Hakunisalimu. Akanyoosha kiganja, akasema, "Nipe ule wa bluu."

Nikadhani ni wa mjukuu wake aliyeposwa Kasama. Nikamwambia, "Chukua uzi mzima, mama, wenye nyekundu zote."

Akasema, "Nyekundu za nini? Nipe bluu moja tu. Ni yangu."

Akaketi kwenye kigoda changu, mtu aliyekoma kuona damu miaka ishirini iliyopita, akaniambia kwamba tangu mvua za mwaka jana inatoka tena, kidogo kidogo, na hajamwambia hata Mungu wake. Akaniuliza kama mwanafunzi, macho chini, "Nkandu, hii ni kawaida?"

Miaka yote hii mtu akiniuliza nilikuwa na jibu, la kweli au la kubuni. Jana nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, sijui. Lakini najua wanakojua."

Tunakuja na basi la Jumanne ya wiki ijayo, mimi na yeye. Mwambie nesi Mwila atutengee asubuhi ya Jumatano, na awe na subira, mzee wangu ataanza kwa kusema ana rafiki yake. Ule ushanga ameufunga kwenye ncha ya kitenge, kila baada ya muda anaugusa kuona kama upo.

Mwambie Musonda apike, tutakula mezani naye, mkwe na mkwe, macho kwa macho. Chumvi asipunguze.

Shangazi yako,
BanaChola